Nyayo Kando ya Ukuta

4 Februari

Kwako Mchwa, mla karatasi wa nyumbani,

Habari za hapo? Mama hajambo? Mimi sijambo, ila kichwa kimejaa. Chumba changu cha bweni mwaka huu kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, kwa hiyo najua kumekucha kwa kusikia ndoo za wafagiaji. Mwambie Mama lile begi alilonishonea bado halijaachia hata uzi mmoja. Wenzangu wananiuliza fundi wake ni nani, nami naringa.

Sasa sikiliza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unajua maneno matatu tu: ndiyo, hapana na salama. Kwenye karatasi unafunguka. Tena flashi iliyomo kwenye bahasha hii haiwezi kupita kwenye simu.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho, na kila mmoja wetu lazima atengeneze mchezo mzima wa kompyuta peke yake: auchore, auandikie programu, auwekee sauti, kisha autetee mbele ya walimu. Wenzangu wanatengeneza vita na mbio za magari. Mimi nimetengeneza nyumba. Mchezaji anaingia, anatafuta ufunguo uliopotea, anafungua mlango wa nyuma, anatoka uani. Basi. Ukiitazama vizuri utaitambua: sebule yenye cherehani, korido, jiko, stoo.

Mwalimu wetu tunamwita Bwana Kwa Nini, maana hata ukimsalimia anakuuliza kwa nini. Aliutazama mchezo wangu akasema, "Kwa nini nyumba?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi katafute mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote, umkalishe mbele yake, uangalie anakwama wapi. Hapo utajua."

Mtu huyo ni Mama. Mkalishe mbele ya ile kompyuta yangu ya zamani, mwonyeshe vishale kwenye kibodi, halafu kaa nyuma yake ufunge mdomo. Usimsaidie, hata akikwama, hata akikuomba. Ukimsaidia utakuwa umeniharibia. Ninachotaka kujua ni pale mchezo wangu uliposhindwa, si pale wewe ulipoweza. Andika anachosema, kisha unirudishie flashi. Usifute chochote kilichomo.

Ni mimi ninayekula nikiwa nimesimama,
Dada


27 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana na anasema ukae chini ndipo ule, chakula cha kusimama hakishuki. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani. Kwenye fasihi nilikuwa wa kwanza. Hesabu tuziache. Mwalimu wa maktaba amenipa kazi ya kugundisha vitabu vilivyochanika, kwa hiyo siku hizi nasoma hadithi zisizo na kurasa za mwisho, na mwisho najitungia mwenyewe nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Mama aliucheza mchezo Jumapili baada ya kufua. Aliipenda nyumba. Anasema kuta za kijani zinapendeza. Ufunguo hakuupata, lakini anasema hana haraka nao. Nilikaa nyuma yake kama ulivyoagiza. Sikumsaidia.

Cherehani inaendelea. Asubuhi kabla sijaenda shule namtungia Mama uzi kwenye sindano zote, kwa sababu kazi ni nyingi.

Flashi hiyo. Usiku mwema, au mchana mwema, kutegemea posta.

Mchwa wako


27 Februari
(Hii niliiandika siku ileile. Sikuituma.)

Dada,

Mama haoni.

Ilianza mwaka jana ulipoondoka tu baada ya likizo. Alidhani ni miwani. Sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija, na mrija wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Dawa itachelewesha, lakini kilichokwisha kupotea haitakirudisha. Tulipotoka pale, hata barabarani hatujafika, Mama alinishika mkono akasema, "Dada yako asijue mpaka amalize. Mimi namjua. Akijua atafunga begi aje akalie cherehani hii, na sikumshonea begi kwa kazi hiyo." Nikasema ndiyo. Unajua kwenye kusema ndiyo mimi ni hodari.

Kuta za kijani hakuziona. Aliniuliza, "Rangi gani?" Nikamwambia kijani. Akasema, "Haya, andika nimeipenda kijani."

Sindano ninazotunga asubuhi nazichoma kwenye kile kimto chake: nyuzi nyeupe kulia, nyeusi kushoto, za rangi katikati. Wiki iliyopita nilikuwa na usingizi nikakosea. Mwalimu wa chekechea alipokuja kuchukua shati la mtoto wake alicheka mpaka akashika mlango. "Fundi! Shati jeupe, uzi mwekundu, ndiyo fasheni mpya hii?"

"Ndiyo, mwalimu," Mama akasema. "Mtoto akipotea watamjua kwa pindo."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu alipoondoka, Mama alilifumua lile pindo lote kwa vidole, polepole, bila kunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kwenye mchezo wako alitembea akifuata ukuta. Ukuta mpaka kona, kisha ukuta tena. Katikati ya sebule hakuingia hata mara moja. Nilikaa nyuma yake nikijiuma midomo. Katika barua niliyokutumia, neno la kweli ni hilo moja, kwamba sikumsaidia.


30 Machi

Kwako Mchwa,

Marahaba. Nafurahi kusikia hamjambo. Hongera ya fasihi. Hesabu na wewe mpatane, hata mimi nayo tuligombana kabla hatujaoana.

Flashi imefika. Nina maswali machache. Mama alipokuwa anacheza, taa ilikuwa inawaka? Alikuwa amevaa miwani yake? Alikaa karibu na skrini au mbali?

Nimeweka toleo la pili kwenye flashi hii. Kuna kitu kimoja nimekiongeza, sikuambii ni nini. Masharti ni yaleyale.

Likizo hii siji. Kazi ni nyingi. Mwambie Mama nakaa chini ninapokula, ingawa si kweli.

Dada


21 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha wiki nzima na nguo za wateja zinanuka unyevu. Mama hajambo. Niliposoma kwamba huji, alisema, "Vizuri. Asome."

Taa ilikuwa inawaka. Miwani alivaa. Alikaa karibu.

Toleo la pili amelicheza. Yale maandishi makubwa uliyoyaweka kwenye ukuta wa sebule tumeyaona: MAMA, UKIYASOMA HAYA NENDA USIMAME KATIKATI YA ZULIA. Alikwenda akasimama. Alifurahi kwamba umemkumbuka.

Jikoni alikaa kwa muda mrefu. Ufunguo bado.

Mchwa wako


19 Mei

Kwako Mchwa,

Hamjambo? Najua nimechelewa. Karatasi hii imekaa mezani kwangu tangu flashi iliporudi, ikiwa na salamu tu.

Kuna jambo sikukwambia. Mchezo wangu unaandika kila hatua ya mchezaji. Ndiyo maana nilisema usifute chochote. Faili hilo nikilifungua huku, programu inanichorea ramani ya nyumba na mstari mwekundu juu yake, alipopita mtu, alipogeuka, aliposimama. Ni somo la kwanza walilotufundisha: mchezaji anaweza kukusifia kwa adabu, lakini miguu yake haina adabu.

Flashi ya kwanza iliporudi, mstari ulikuwa umeng'ang'ania ukuta nyumba nzima. Nilidhani programu yangu ina hitilafu. Niliitafuta hitilafu hiyo kwa siku kadhaa, Mchwa, na niliomba kwa moyo wote niipate. Haikuwepo. Ndipo nikaandika yale maneno ukutani, kwa herufi kubwa kama mlango.

Safari hii mistari ni miwili. Wa kwanza umepita chini ya maneno hayo bila kusita, ukafuata ukuta mpaka jikoni, ukasimama kwenye bomba. Wa pili umetoka mlangoni, ukakata sebule moja kwa moja mpaka katikati ya zulia, ukatulia. Huyo ni mtu aliyesoma. Huyo ni wewe.

Sikugombezi. Najua nani amekufunga mdomo, na mimi pia nilinyamaza nikijua, kwa hiyo tuko sawa. Lakini sasa begi liko juu ya kitanda na nusu ya nguo zimo ndani. Niambie mwenyewe, kwa mwandiko wako. Mama anaona nini?

Dada


2 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya Februari. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Barua yako ilipofika nilimsomea Mama yote, hata mahali pa begi. Sikuweza kuruka kitu, maana huwa anasikia sauti yangu inaporuka. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo umesema."

Nikamwambia, "Sijasema, Mama. Miguu yako ndiyo imesema."

Hakucheka. Alinyamaza siku nzima na siku iliyofuata. Alikuwa amenishona mdomo mimi, sasa akajishona na wake. Asubuhi nilitunga sindano kama kawaida, yeye akashona, nyumba nzima ikawa ni cherehani tu. Nilifikiri labda tangu mwanzo ningekuandikia, au labda nisingelisogelea lile zulia la kompyuta. Sijui lipi lingekuwa afadhali. Vitabuni mtu mwaminifu huwa anajua.

Jana alinyanyua mguu kwenye cherehani akaniambia, "Lete kalamu. Usirekebishe kitu." Haya ni ya kwake:

"Mwanangu. Ni kweli, macho yanakwenda. Bado naona mwanga wa dirisha, na nikikuta uso karibu naona kipande chake. Pindo lililonyooka nalishona kwa vidole, vifungo nimeviacha, wenye nguo za vifungo nimewarudishia. Sikukuficha kwa sababu sikutaki. Nilikuficha kwa sababu nakutaka umalize. Ukija utanifanyia nini? Utanishika mkono uniongoze sebuleni kwangu? Mdogo wako ameshaanza, ananikera. Anaondoa viti njiani kabla sijafika, mpaka sijui tena viti vyangu viko wapi. Kwenye huo mchezo wako hakuna aliyenishika mkono. Nilipotea vizuri, peke yangu. Sijapotea hivyo siku nyingi. Ufunguo nautafuta bado, kwa hiyo usinifungie nyumba katikati. Begi hilo nililishona mimi, nakuambia lifungue."

Mwisho wa maneno yake. Hakuniambia nikusalimu, lakini alikaa ameshika kona ya karatasi mpaka nilipoihitaji.

Viti nimevirudisha mahali pake.

Mchwa wako


10 Agosti

Kwako Mchwa, na kwako Mama utakayesomewa,

Shikamoo, Mama. Mchwa, hujambo? Poleni kwa ukimya wangu. Hata zile sauti za nyumbani nilizokuomba, ukazirekodi ukanitumia Julai kwa simu ya Mama, nilizipokea bila kusema zaidi ya asante, maana niliogopa nikisema zaidi nitalia, na wewe ungejibu "salama".

Begi nimelifungua. Si siku ileile, Mama. Lilikaa kitandani mpaka nikachoka kulala pembeni yake. Nilikwenda kwa Bwana Kwa Nini nikamwambia nataka kuacha. Alisubiri. Nikamweleza yote, nikamwonyesha ramani yenye mistari. Aliitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole jikoni, pale mstari wa Mama ulipojikunja kama uzi uliofumuliwa. "Kwa nini alikaa hapa?"

Nilirudi chumbani nikaucheza mchezo nikiwa nimefumba macho. Cherehani niliyoiweka ilikuwa inalia vilevile nyumba nzima, ukiwa sebuleni au stoo, kama muziki wa dukani. Kitu kimoja tu nilikuwa nimekipa mahali pake, nacho ni bomba linalovuja. Ukilisogelea linasikika karibu, ukigeuka linahama sikio. Mama alikaa jikoni kwa sababu katika nyumba yote niliyomjengea, mahali alipojua yuko ni hapo tu.

Basi nimeibomoa. Kuta zipo, lakini sijachora hata rangi moja. Cherehani ni ile uliyorekodi, Mchwa, pamoja na kile chuma kinachogonga Mama anapopunguza mwendo. Hatua zinabadilika kwenye saruji na kwenye zulia. Ufunguo una sauti yake, na uani pia.

Nitautetea mwezi ujao. Mwalimu mmoja alishaniuliza nani atacheza mchezo usio na kitu kwenye skrini, na wengine wakacheka. Huenda wasinipitishe. Nawaambia mapema ili tusifichane tena.

Toleo la tatu ni hili. Mama, masharti hayajabadilika, huyo mtoto asikusaidie.

Ninakula nikiwa nimekaa. Safari hii ni kweli.

Dada


29 Agosti

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa macho, ambayo ni yaleyale au yamepungua kidogo. Daktari amebadilisha dawa. Mama anasema inawasha kama sabuni, nayo angalau inamwambia kwamba bado ana macho.

Amecheza leo alasiri. Alivua miwani akaiweka juu ya cherehani, akasema haina kazi humo. Nikampa vile vipokea sauti vya masikioni, lakini alivikataa, akataka spika mbili, moja huku na moja kule, ili na mimi nisikie. Nikakaa nyuma yake.

Dada, sijui nikwambieje. Skrini ilikuwa nyeusi yote. Mara zile mbili za kwanza kukaa kimya kulinitesa, kwa sababu nilikuwa naona ufunguo uko pale na yeye anaupita. Leo hata ningetaka kumsaidia nisingeweza. Sikujua tuko wapi. Nilisikia saruji, halafu zulia, halafu cherehani ikapita kutoka spika moja kwenda nyingine, na nikapotea kabisa. Nikanyanyuka kidogo kwenye kiti.

"Nyamaza," Mama akasema.

"Sijasema kitu, Mama!"

"Unapumua kwa kelele."

Nikakaa. Hatua zikaenda, zikasimama, zikarudi kidogo. Cherehani ikawa nyuma yetu, bomba likawa mbali upande wa kushoto. Kisha hatua zikaingia kwenye zulia tena na hazikutoka. Zilikuwa za mtu asiye na haraka. Nikasikia ufunguo ukilia mara moja, chini, kama umekanyagwa. Mama alitoa mkono mmoja kwenye kibodi akajifuta kwenye gauni, akaurudisha.

Hatua zikaondoka mpaka mlango wa nyuma, na ulipofunguka tulisikia upepo na nguo kwenye kamba. Sikuondoa mkono wangu mdomoni. Mama alisikiliza muda mrefu, mpaka nikadhani mchezo umekwama. Halafu akasema, "Mwambie dada yako nguo hizo zimekauka. Zikiwa mbichi hazipigi hivyo. Aende akazianue."

Akaniomba nitoke, nimwache acheze tena peke yake. Nikaenda kukaa uani. Nimeambiwa pia nikuandikie hivi: wakikupitisha, uje. Wasipokupitisha, uje vilevile, halafu urudi ukajaribu tena. Na begi lije limejaa nguo chafu, kama la wanafunzi wengine, maana pasi bado anaiweza.

Flashi ninairudisha. Sijafuta chochote. Wewe ndiye utakayenionyesha Mama alipita wapi, maana leo mimi sikuona.

Mchwa wako